Mkono wa Tatu wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Lehemu, kwa ile risasi aliyoungia nyaya, na kwa kuwa alipenda kunyamaza, walimsingizia mengi. Wapo waliosema aliiunguza cherehani ya mama mkwe wake. Si kweli. Ukoo wake haujawahi kutoa fundi wa kuharibu vitu vya watu, na haya ndiyo yaliyotokea.

Mama mkwe alikuwa mshonaji. Kwa cherehani ya kukanyaga aliwasomesha wanawe wote, na hakuna aliyewahi kumrudishia nguo kwa mshono uliopinda. Kisha akaugua, mguu ukaishiwa nguvu. Lehemu, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio, akamfungia mota ndogo ya betri. Akatoka nje ili mama aijaribu. Mota ikaondoka kwa kishindo, kitambaa kikakimbia, na sindano ikamkwaruza mama kidole.

"Asante, baba," mama akamwambia aliporudi ndani, huku akijifunga kidole. "Lakini hii si cherehani tena, ni farasi. Ijumaa anakuja mtu kuinunua."

Lehemu alirudi nyumbani akiyawaza maneno hayo. Bila cherehani, mama angebaki kukaa mlangoni akingoja kuulizwa hali.

Kwanza alijaribu waya wa kuupunguza umeme. Mota ikatulia, lakini mkewe alipoijaribu kwenye pindo nene ikazimia.

"Umeifundisha adabu mpaka imekufa njaa," mkewe akamcheka.

Mzaha ule ukamzindua. Mota isinyimwe chakula. Ipewe chote, ila kwa vipande. Akatengeneza saketi yenye transista ya kuwasha na kuzima umeme mara nyingi kwa sekunde moja. Umeme ukiwaka kwa muda mrefu zaidi kuliko unavyozimika, mota inakwenda mbio. Ukiwaka kidogo tu, inakwenda polepole, lakini kila msukumo una nguvu zake zote. Akaweka na dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme unaorudi nyuma mota inapozimwa usiiue transista. Mwisho akafunga kifundo cha kuzungushia sauti alichong'oa kwenye redio mbovu, sasa kiongeze na kupunguza mwendo. Mezani kwake mota ilinyata kama paka, na alipoibana kwa vidole haikusimama.

Alhamisi akaipeleka kwa mama, akaifunga. Kwa haya ya ukwe, hakuwahi hata siku moja kukaa akamtazama mama akishona. Siku hiyo ilibidi. Mama akalaza kitambaa, akakishika kwa mikono yote miwili, akangoja.

"Zungusha hicho kifundo kidogo, mama."

"Kwa mkono upi, baba? Wa tatu?"

Mkewe akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Lehemu uso ukamwaka. Maisha yake yote ametengeneza redio, na msikilizaji wa redio siku zote ana mkono mtupu wa kuzungushia.

Akainama aone aibu yake aifiche wapi, na huko chini macho yake yakakutana na kikanyagio cha zamani. Kilikuwa palepale, kimefunguliwa mkanda wake tangu mota ifungwe, na mguu wa mama ulikuwa juu yake kwa mazoea. Mguu ule haukuwa na nguvu za kusukuma gurudumu, lakini uzito wake ulikuwepo.

"Mama, usiutoe mguu."

Akakifungua kifundo, akakihamishia chini ya meza, akakizungushia kamba na kuifunga kwenye kikanyagio, ili kikanyagio kikishuka kifundo kizunguke. Springi ya kalamu ikakirudisha kila mguu ulipoinuka.

Mama akakanyaga kidogo tu. Cherehani ikanong'ona. Akaongeza, ikaongeza. Akakunja kitambaa mara mbili, mara nne, sindano ikapita. Alipofika kwenye kona akalegeza mguu, mota nayo ikamsubiri.

 Lehemu alikuta vidole vinamuuma kwa kubana bisibisi, akaiachia.

Mama akakata uzi kwa meno, akauinua mshono mwangani. Ulikuwa umenyooka.

"Yule mtu wa Ijumaa," akamwambia binti yake, "mwambie aje na kitambaa. Nitampima suruali."