Mama Picha Sasa Analenga kwa Uzi

Saa nne asubuhi, mwanga wa dirisha unaangukia stuli moja katikati ya chumba. Juu yake amekaa fundi seremala, shati limepigwa pasi, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi. Mbele yake mwanamke mfupi ananyoosha uzi kutoka kwenye kamera.

“Ncha hiyo iweke chini ya jicho, Fundi. Chini ya jicho nimesema, si mdomoni. Uzi huo wameushika wengi.”

“Mama Picha, hapa napigwa picha au napimwa jeneza?”

“Jeneza ni kazi yako. Mimi napima uso. Tulia.”

Anapapasa pete ya lenzi mpaka kidole kinagusa tone la rangi ya kucha lililokauka. Tone hilo ndilo alama ya mita moja na nusu. Uzi nao umekatwa urefu huohuo. Pete ikifika kwenye tone, na uso ukiwa mwisho wa uzi, picha inatakiwa itoke safi. Inatakiwa, maana yeye mwenyewe haoni kama imetoka.

Kitendawili: jicho la babu, kichwa cha mjukuu. Aliyeshindwa atoe mji, apewe jibu. Ni kamera hiyo. Kichwa ni cha kidijitali, cha zama hizi. Jicho lake ni lenzi ya chuma, nzito kama jiwe la mizani, ambayo marehemu mume wa Mama Picha aliitumia enzi za filamu. Pete nyingine, nyembamba, ndiyo inayowashikanisha. Lakini babu na mjukuu hawasemezani: kamera haiwezi kuilenga lenzi hiyo. Mkono wa mtu uzungushe, na jicho la mtu ndilo liseme basi.

Mama Picha, mjane wa miaka hamsini na minane, alinunua kamera bila lenzi kwa kuwa ndiyo aliyoimudu. Lenzi inayojilenga yenyewe ni kodi ya chumba chake ya mwaka mzima. “Na hii ilikuwepo nyumbani, imelala kwenye soksi,” anasema. “Mume wangu aliilaza humo mwenyewe.”

Kwa miaka mingi alikuwa akikuza uso kwenye kioo cha kamera mpaka aone kope, ndipo abonyeze. Kisha ikaja presha ya macho. Jicho la kulia limezima. La kushoto linaona kama kwa kuchungulia tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lina ukungu. Daktari amemwambia kilichopotea hakirudi. Matone anayotia ni ya kulinda kilichobaki.

Majirani humfariji kwamba ni mtoto wa jicho tu, atatolewa.

“Ingekuwa mtoto, ningezaa nikapumzika,” huwajibu. “Hii mimba haina mtoto.”

Wateja hakuwaambia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Miezi mitatu iliyopita fundi huyu alimwita nyumbani. Mama yake mzazi alikuwa kitandani, hali mbaya, na katika uzee wake wote hakuwa na picha hata moja. Chumba kilikuwa na giza. Mama Picha akafungua tundu la lenzi lote ili mwanga uingie. Lenzi ikiachwa wazi hivyo inakuwa na choyo: ukilenga pua, sikio ni moshi. Akazungusha pete, akaona uso. Akadhani ameona uso.

Bibi yule alifariki wiki hiyohiyo. Fundi akaifuata picha.

“Aliniuliza, ‘Mama Picha, huyu nani?’ Nikamwambia, mama yako. Akasema, ‘Mimi naona mkono.’”

Mkono uliokuwa juu ya shuka, mbele kidogo ya uso, ulitoka wote: mishipa, kucha, hata kovu la kisu. Uso ulikuwa moshi.

Fundi hakumtukana. Aliikata picha, akautengenezea mkono ule fremu, akautundika sebuleni. Mama Picha aliuona alipokwenda kutoa pole.

“Wageni wanaingia, wanauliza mkono wa nani. Nimekaa chini yake nimeshika chai.”

Ndipo alipokata uzi. Na leo Fundi amerudi kwa hiari yake. Vumbi la mbao limemwingia kifuani, anakohoa mpaka anashika ukuta, na anataka watoto wake wabaki na sura yake. “Na mimi nisije nikawa mkono,” anasema.

Kamera inalia. Mama Picha anamkabidhi. Siku hizi hakuna kinachomtesa kama hiki: kumpa mteja kamera na kusubiri.

“Kuza uso. Kope unaziona moja moja?”

Fundi anatazama. “Nzuri, Mama Picha.”

“Nimekuuliza kope.”

“Nzuri tu.”

“Mlango ukipinda, unamwambia mwenye nyumba ni mzuri tu? Usinionee huruma, Fundi. Huruma ndiyo itakayonifukuza kazini.”

Fundi anakohoa, anafuta kioo kwa shati, anatazama tena.

“Sikio,” anasema taratibu. “Limetoka sikio. Niliinamisha kichwa ulipobonyeza.”

Mama Picha anashusha pumzi. Mwezi ujao ana kliniki, na hategemei habari njema. Kuacha, hajapanga.

“Wakiwepo watu wa kuniambia hii mbaya, nitapiga hata tundu hili la jicho likiziba,” anasema. “Wakianza kusema nzuri tu, nafunga chumba.”

Anamgeukia mteja wake.

“Haya, kaa. Kichwa juu, Fundi. Bado hujafa.”