Choo Tulichomgeuzia Ayeeyo

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ya Garissa si ya mto wala ya soko la mbuzi. Ni harufu ya uunsi, ule ubani wetu wa nyumbani unaopikwa na sukari, ukipigana na choo kilichoziba. Hooyo, mama yangu, aliweka kaa la moto kila pembe ya ua, moshi ukapanda mtamu, na chini yake ile harufu nyingine ikatulia tu, haina haraka. Ilikuwa jilaal, kiangazi cha vumbi na upepo wa moto, na nyumbani kwetu hakuna aliyekaa chini. Hooyo alizunguka na chetezo. Aabo, baba yangu, alitoka nje akarudi, akatoka tena. Mimi nilizunguka kwa sababu wote walizunguka. Anayeona haya kusoma habari za choo aachie hapa, hatutagombana. Lakini mimi siwezi kusimulia utoto wangu nikaruka choo, na waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema bure.

Yote yalianza na Ayeeyo, mama yake Aabo. Aliletwa kutoka Eldas juu ya lori la mbuzi, ameshika ubavu kwa maumivu ya figo, na hospitalini akaambiwa jambo moja: mama, unywe maji mengi, usipokunywa figo zitakufa. Hebu fikiria mtu aliyeishi umri wake wote akijipimia maji kwa kikombe ili mifugo wapate, leo anaambiwa anywe mpaka tumbo lilie. Maji tulikuwa nayo. Alikataa. Hakuwa na ugomvi na maji yanapoingia, ugomvi wake ulikuwa yanapotokea. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, kimejengwa kabla Aabo hajainunua nyumba ile, na aliyekijenga alikiweka hivi kwamba ukichuchumaa umeipa Kibla mgongo. Kwetu Kibla ni kaskazini, na kaskazini ndiko Eldas iliko.

"Mnataka niipe mgongo Kaaba na ngamia wangu kwa mkao mmoja?" aliuliza Ayeeyo.

Aabo alimwita sheikh wa msikiti wetu, mtu mpole, akaeleza kwamba choo kikiwa ndani ya kuta nne hakuna dhambi. Ayeeyo alimsikiliza hadi mwisho. "Ahsante, sheikh," akasema. "Basi kakitumie wewe." Akaendelea kulowesha midomo tu, na miguu yake ikaanza kuvimba. Mimi nililala mkekani karibu na miguu ile. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki.

Ndipo Aabo akamleta Mutua, fundi kutoka Kitui, akamwambia ageuze choo kielekee machweo. Mutua alivunja sakafu, akageuza sinki, akaunga bomba chini yake kwa kona moja na kisha kona nyingine ili lirudi kwenye njia yake ya zamani, akafunika kwa simenti. "Kazi imeisha, mzee." Ayeeyo aliingia na fimbo yake, akalipima sinki kwa jua, akatoka akaomba maji. Alikunywa kikombe kizima, akanyoosha mkono apewe kingine, na Hooyo akalia kwa furaha mbele ya mgeni.

Furaha ile haikufika mwezi kuandama. Choo kilianza kuguna kama ngamia anayepakiwa mzigo, kisha maji yakawa yanapanda badala ya kushuka. Ayeeyo aliweka kikombe chini. "Nirudisheni Eldas," alisema. "Huko nyika yote ni choo, na kila mtu anachagua anakoelekea." Aabo alikataa. Mama yake hakubishana. Alituma salamu kwa dereva wa lori la Wajir, ampitie Ijumaa baada ya swala, akaanza kufunga mzigo wake. Eldas hakukuwa na daktari wa figo. Nilikuwa mdogo, lakini miguu ile nilikuwa nimeibonyeza mwenyewe. Nilijua lori lile lilikuwa linampeleka wapi.

Hooyo alipata wa kulaumu. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa kike kutoka bara, na vyoo vyetu viwili vilimwaga katika tangi moja chini ya ua.

"Ni makaratasi yenu hayo, Mwalimu! Sisi tunatumia maji!"

"Mama Halima, karatasi yangu inapita kwangu vizuri, ikifika kwako ndiyo inakataa?"

Wakanuniana. Aabo akaleta watu wakachota tangi kwa ndoo mpaka chini, mji mzima ukajua. Asubuhi yake maji yakapanda vilevile. Lakini neno la Mwalimu lilikuwa limenikaa kichwani, maana sote tulikuwa tukijipenyeza chooni kwake, na mimi nilijua kwake maji yanashuka. Tangi ni moja. Lingekuwa ni tangi, na chake kingeziba.

Nikachuma majani mabichi ya mwarobaini uliokuwa uani, nikayakatakata. Nikayatia chooni kwa Mwalimu, nikamwaga ndoo, nikakimbilia kwenye mdomo wa tangi uliobaki wazi. Majani yakafika, kijani kabisa. Nikafanya hivyo kwetu. Nikangoja, nzi wakanijaa usoni, jani hata moja halikuja.

"Aabo, si tangi. Ni pale alipogeuza Mutua."

"Nani amekuuliza wewe?"

Ayeeyo alikuwa amekalia mzigo wake uliofungwa. "Mwache aseme," akamwambia mwanawe. "Ngamia akipotea hatupigi kelele kisimani, tunafuata nyayo mpaka zinapokatikia. Wewe umepiga kelele kisimani. Mtoto amefuata nyayo."

Mutua akaitwa Ijumaa asubuhi. Alivunja simenti yake mwenyewe, na pale kati ya kona mbili zilizobanana kulikuwa kumejaa mpaka juu. "Mzee," alisema akijifuta jasho, "mliniambia nigeuze choo. Tangi hamkuniambia." Aabo alicheka, mara ya kwanza tangu choo kianze kuguna. Halafu baba yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye hajawahi kushika hata ufagio, akakunja kikoi akashika sururu. Walitoboa ukuta upande wa machweo, wakachimba mfereji mpya, bomba likaenda moja kwa moja mpaka tangini, halina kona.

Lori lilipiga honi nje ya ua kabla hawajafukia. Ayeeyo aliinuka, akachukua kopo lake la maji, akaingia chooni akafunga mlango. Dereva akapiga honi tena. Sote tulisimama, Mutua na sepetu yake, Hooyo na chetezo, hata Mwalimu alikuja kuchungulia. Tukasikia maji yakimwagwa. Kisha yakashuka, sauti moja ndefu. Ayeeyo alitoka, akaenda mpaka langoni. "Nenda, mwanangu," alimwambia dereva. "Wasalimie ngamia." Akanigeukia mimi: "Halima, maji." Alikaa nasi mpaka mvua za gu, masika yetu, na alipoondoka alipanda lori kwa miguu iliyokwisha kunywea.

Shule niliiachia darasa la tatu, na leo nina nyumba za kupangisha nilizojenga kwa jasho langu, asiyeamini aje Garissa aone. Siku hizi mambo ni mepesi. Kijana anatazama Kibla kwenye simu, mabomba ni ya plastiki, tangi likijaa gari linakuja kunyonya na harufu haifiki hata kwa jirani. Hakuna bibi anayefunga mzigo kwa sababu ya choo. Nafurahi, na bado situlii. Juzi binti yangu alitualika nyumba yake mpya, watu wamekaa, wali umeletwa, nami niko nje nimeinama kwenye mdomo wa tangi. Daktari ameniambia na mimi ninywe maji mengi, kwa hiyo binti alinifuata na glasi. "Hooyo, kunywa basi, ukae."

Nikamwambia aishike kwanza. Majani yalikuwa hayajafika.