Kifaa cha Kupima Mteremko

Hili hata mke wangu sijamwambia. Mimi ni karani kwenye machimbo ya jasi, Makanya. Mnadani Hedaru nilinunua ubao mwembamba wa kuteleza kwenye theluji, pamoja na viatu vyake. Viatu laini vilikuwepo, nikachagua vya plastiki ngumu, maana video za mtandaoni zilisema ndivyo vinavyosaidia kulaza ubao kwa ubavu ili ukate kona kwa makali yake. Tangu hapo sikutulia. Hata nikiwa mezani nilikuwa nikikunja magoti kama wale wa kwenye video.

Bosi wetu, Mama Nanzia, aliuona ubao ofisini akauliza ni nini. Niliona aibu, nikasema, "Kifaa cha kupima mteremko, mama."

Alifurahi. Mchana huohuo akaniita kwenye lundo la jasi, akiwa na wanunuzi wawili. "Waonyeshe unavyopima."

Nilipanda hadi juu ya lundo, nikafunga viatu kwenye ubao, nikaanza kushuka huku nikijilaza upande. Kumbe unga wa jasi hautelezi. Ubao ulikwama, nikaanguka kifudifudi, miguu imefungwa palepale.

Mnunuzi mmoja, aliyesoma Ulaya, aliinama kunifungua. "Umelaza mwili, kijana," akasema kwa upole. "Kwenye theluji tunalaza ubao."

Mama Nanzia akanitazama nilivyojaa unga. "Theluji gani?" akauliza.