Sketi Isiyokunjika

Mtaani wanamwita Rula. Ni fundi cherehani wa sare za shule, na hakuna msichana aliyewahi kuvaa sketi yake bila kumlaani kimoyomoyo. Kwenye mkanda wa kiuno hutia kitambaa kigumu cha kola, akapiga mshono mara mbili, ili mtoto akishatoka getini asiikunje sketi na kuipandisha. Walimu wanamsifu. Wasichana wanasema alizaliwa na miaka hamsini, miwani puani.

Binti wa kaka yake, anayeishi naye, anamaliza shule mwaka huu. Ombi lake lilikuwa moja tu: aende dansi ya kuagana Jumamosi, dansi ambayo uongozi wa shule, kwa hekima zake, umeamuru ichezwe kwa sare. Rula alimjibu "hapana" yenye mshono mara mbili.

"Basi shangazi, tazama filamu hii na mimi," msichana alimbembeleza mchana mmoja. "Ni ya vijana wa enzi zenu za kaseti. Uone kama dansi ya shule inaua mtu."

Rula alikubali kama hakimu anayesikiliza utetezi na hukumu iko mfukoni. Akaketi na sketi ya mteja mapajani. Pembeni, mama yake mzazi alikuwa kajikunyata kitini, kalala fofofo, au ndivyo walivyodhani.

Mwanzoni aliguna tu. Muziki ulipoanza, mguu wake ukatikisika. Akaukanyaga kwa mguu mwenzake. Kijana wa filamu aliposhikwa na kigugumizi mbele ya msichana, Rula akafoka, "Si umwambie, bwege we! Atachukuliwa huyo!"

Ikafika jioni ya dansi. Msichana wa filamu akajibanza nyuma ya ukuta, akaanza kukunja sketi kwa mbele.

"Siyo hivyo!" Rula aliruka. "Unaanzia nyuma, halafu unashusha sweta, mkunjo usionekane!"

Binti akageuka taratibu, kama paka aliyesikia kifuniko cha sufuria.

"Shangazi, umejuaje?"

"Mimi fundi," alijibu, akitafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake.

"Fundi wa uongo!" Bibi alikuwa macho makavu. "Kumbe! Nami kila muhula nikidhani mwanangu anarefuka, nateremsha pindo, nateremsha pindo. Nikawatambia majirani: huyu wangu anakua kama mwanzi!"

"Mama, lala."

"Silali ng'o. Nataka mwisho."

Wakautazama wote watatu. Rula alilia, akasingizia vumbi la kitambaa. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama mtu.

"Lete sketi yako."

Msichana akaileta. Rula akashika wembe, akafumua mshono wa kwanza wa mkanda, kisha wa pili, akachomoa kile kitambaa kigumu.

"Mkunjo mmoja tu. Na uanzie nyuma."

"Hebu rudisheni pale ukutani," Bibi alisema, akivuta kiti karibu. "Sikuona vizuri."