Unga Juu ya Injini

Ule ulikuwa mwaka wa ugali wenye harufu ya mafuta ya taa. Wakubwa walikuwa wanagombania kiti baada ya uchaguzi, barabara zimewekwa mawe, na mwenye duka letu hapa Kawangware akaona afadhali afiche unga chumba kimoja na pipa lake la mafuta ya taa, wezi wasiuone. Wezi hawakuuona. Sisi ndio tuliula. Ukicheua, unaogopa kusimama karibu na jiko.

Mwaka huo huo mjukuu wangu aliitwa kidato cha kwanza, Machakos. Mimi niliachia darasa la pili, bado natafuta penseli. Yeye alipita hadi mwalimu wake akaanza kumsalimia kwa heshima. Basi nikaapa hataenda akiwa amekalia sanduku lake juu ya mizigo ya watu. Atapelekwa na pikapu ya marehemu babu yake, ambayo alinifundisha kuiendesha kwa matusi, na nikaelewa vizuri.

Ila pikapu ilikuwa inavuja oili. Kila asubuhi, kidimbwi cheusi chini yake.

Makanika wa pale stegi ya 56 alikuja, akalala chini dakika moja, maana mbili zingemharibia shati.

"Shosho, hii ni sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili. Tunashusha giaboksi, tunafungua injini yote. Afadhali uniuzie. Nakusaidia tu."

"Umejuaje ni sili?"

"Si oili inadondokea nyuma?"

Akataja bei ambayo hata mbuzi angekasirika.

Nikamwambia: "Siuzi. Mjukuu wangu atapelekwa shule na hii hii."

Mimi nimelala chini ya mabati miaka mingi. Najua maji huingilia kwenye msumari ulio juu ya mlango, yakafuata mbao polepole, yakaja kuangukia mto wako. Mjinga huziba juu ya mto. Kwa hivyo niliosha injini kwa sabuni na brashi, nikaiacha ikauke siku nzima, kisha nikachukua chujio la chai na kuinyunyizia unga kila mahali.

Jirani akashika kiuno. "Watu wanalala njaa, wewe unalisha gari!"

"Hii hailalamiki juu ya harufu."

Nikawasha, nikaiacha ingurume muda wa kuiva uji. Nikachungulia. Huko chini alikolala fundi wetu msomi, unga mweupe. Lakini juu, kwenye pembe ya nyuma ya kifuniko cha injini, unga ulikuwa umelowa, umekuwa rangi ya chapati iliyosahauliwa, na mstari mwembamba ukishuka nyuma ya injini kuelekea giaboksi. Nikafungua kifuniko kwa spana. Gasketi, ule mkanda unaokaa kati yake na injini, ilikuwa imekauka na kukatika kama ngozi ya kiatu cha zamani. Hiyo ndiyo "injini yote".

Maduka ya spea yalikuwa yamefungwa. Nikatia kifuniko kwenye kiondo, nikatembea kwa miguu hadi Kibera, upande wa Ayany, kwa mzee mmoja Mluhya aliyekuwa akitengeneza pikapu hiyo tangu marehemu akiwa na nywele. Njiani vijana wakanisimamisha kwenye mawe yao.

"Mathe, wewe ni kabila gani?"

"La kutafuta gasketi."

Wakachungulia kiondo, wakaona chuma kinachonuka oili, wakaamua nimechizi, wakanipisha.

Mzee alilaza kifuniko juu ya shiti ya koki, ile karatasi nene ya kutengenezea gasketi, akachora, akakata kwa wembe. Kisha akakiinua hadi usawa wa jicho.

"Mama, nani alikaza nati hizi hivi? Kifuniko kimepinda."

"Marehemu."

"Alikuwa amekasirikia nani?"

"Mimi."

Akacheka, akakinyoosha kwa nyundo ndogo. "Anzia katikati, kaza kidogo kidogo. Ikishika, iache."

Nikamlipa kwa unga kidogo niliokuwa nimeufunga kwenye leso. Akaunusa. "Mama, huu ni wa kula ama wa kuwasha?"

Nyumbani nikafunga gasketi, nikakaza kwa vidole vya mtu asiye na hasira na yeyote. Nikaongeza oili, nikanyunyiza unga tena, nikawasha. Mweupe pe. Kesho yake chini ya gari kulikuwa na vumbi tu. Keshokutwa pia.

Siku ya shule, sanduku na godoro vilikuwa vimefungwa nyuma, na msichana amekaa mbele ndani ya yunifomu mpya, anang'aa kama sufuria ya harusi. Nani akaja? Fundi wa 56. Akachuchumaa kutafuta kidimbwi chake, hakukiona. Akajaribu tena, hana aibu.

"Shosho, itakuzimia njiani. Niuzie tu leo, mtoto apande basi."

Msichana akageuka kunitazama. Nikawasha.

"Siuzi. Mjukuu wangu atapelekwa shule na hii hii."