Zabuni ya Madawati

Mjomba wangu seremala wanamwita Milimita, kwa sababu akikosea upana wa ukucha anabomoa kazi nzima na kuanza upya. Watu wa namna hiyo hawatajiriki upesi, lakini mlango wake ukifunga, umefunga. Karakana yake ilikuwa na mashine moja ya randa ya umeme, na mafundi watatu waliolea watoto kwa mashine hiyo.

Halmashauri ilipotangaza zabuni ya madawati ya shule, Mjomba aliona neema imebisha hodi. Kazi zilikuwa za kuokoteza. Akiikosa hiyo, mashine ingeuzwa na mafundi wangekwenda zao. Akajaza fomu kwa mwandiko wa mtoto anayemwogopa mwalimu.

Jibu likaja: hana uzoefu. Aliyeonekana kuwa nao ni shemeji wa diwani, bwana wa mikono laini ambaye ukimpa patasi atauliza inaliwa na nini. Siku ya kutia saini tulikwenda kushuhudia, maana Mjomba huamini kushindwa kwa haki si aibu. Mbele ya ukumbi lilisimama dawati la mfano la mshindi. Mjomba akainama, akachungulia chini yake, akakuta tarehe aliyoiandika mwenyewe kwa penseli, kama aandikavyo kila kazi yake. Shemeji alilinunua karakanani mwezi uliopita, eti la mtoto wake.

"Hili dawati nimetengeneza mimi," Mjomba akasema.

"Zuri sana, mzee," afisa manunuzi akajibu. "Ndiyo maana limeshinda."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mjomba walimnyonga, haki wakampa shemeji.

Mashine ikauzwa. Mafundi wakaaga, mmoja sasa analinda geti, wawili sijui walipo. Na mnunuzi wa mashine, nani mwingine? Shemeji. Zabuni iliyofuata, ya milango, ilitaka mwombaji awe na mashine yake. Madawati aliyaagiza nje ya nchi yakiwa tayari, na redioni diwani akatangaza kwamba viwanda vyetu vinakua. Nilizima redio kwa hasira. Mjomba akaniambia niiwashe, alikuwa anasubiri habari za mvua.

Juzi shemeji akapiga simu. "Fundi, hebu njoo mara moja. Wakaguzi wamefika na mashine imegoma kuwaka."

"Usiende, Mjomba," nikamwambia.

"Na wakiiunguza je?"

Tukaenda. Mashine ilikuwa stoo kwake, imefunikwa turubai, haina hata chembe ya vumbi la mbao, na hilo ndilo lililonichoma moyo. Mjomba akagusa hapa, akakaza pale, ikanguruma. Bila kufikiri akachukua ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaupitisha. Ukatoka laini. Wakaguzi wakapiga picha, wakaandika, wakaridhika.

"Inatosha, fundi, usiichoshe," shemeji akasema, akaizima.

Mjomba alibaki ameukumbatia ule ubao, anaupapasa. Akauliza kwa adabu kama anaweza kuondoka nao.

"Hapana," shemeji akamwambia, akiupokea. "Huu ni wa kuonyeshea wakaguzi."