Daftari Lililojaa Wajane

Wiki yangu ya tatu katika mji wa Baraka niligundua kwamba nimezungukwa na wajane watupu. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya anthropolojia huko kwetu Tanzania, na chuo kilinipeleka muhula mmoja nje ya nchi nijifunze kuishi na watu na kuandika maisha yao. Wenzangu walichagua nchi za mbali zenye baridi. Mimi nilivuka ziwa tu hadi nchi jirani, nikijisifu kwamba lugha haitanisumbua. Kila asubuhi nilikaa mchangani na akina mama wanaoanika ndagala, ambazo sisi tunaziita dagaa, nikiwauliza habari za familia zao. Walikuwa kumi na wanne. Wote walisema wamefiwa na waume, na hakuna aliyesema ana watoto pungufu ya saba. Nikajaza kurasa, nikiona fahari kama mtu aliyevumbua kitu.

Aliyenipeleka kwao ni mama mwenyeji wangu, ambaye naye alianika hapo tangu usichana wake. Aliwaambia, "Huyu ni mutoto yangu, mumusaidie," basi, bila maelezo zaidi. Mimi pia sikuongeza neno.

Siku moja mimi na mama tukiwa uani tunaosha vyombo, mmoja wa wale waanikaji aliingia akamuuliza yeye, si mimi: "Mama, ule mutoto yako wa Tanzania, jeton zake zitatoka lini? Batu banangojea."

Jeton ni kile kikaratasi unachopewa ukapokee msaada. Nikaelewa yote mara moja, nikakaa chini. Huku Fizi, wilaya yenye mji huu, watu wamekimbia vita na kurudi, tena na tena, na mgeni mwenye daftari anayeuliza idadi ya watoto ni mtu wa shirika. Kila mtu anajua jibu linaloingiza jina kwenye orodha, na mume mzima mwenye nguvu haingizi jina popote. Nilikasirika, nikamkasirikia kila mtu isipokuwa mwenye kosa.

Mwanamke yule alipoondoka, mama mwenyeji wangu aliendelea kusuuza sufuria. Kisha akasema, "Bakijua hakuna kitu, batasema ni miye nilikula."

Hapo hasira ikaniisha, nikaogopa. Wale akina mama ndio waliomwekea nafasi mchangani na kumlindia samaki alipokwenda kuswali. Mimi ningepanda boti nikarudi kwetu na aibu yangu. Yeye angebaki nao, na jina la mwizi. Nakiri nilifikiria kukimbia. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na nguo nilikwisha kuvua muda mrefu.

Asubuhi yake nilisimama katikati ya ndagala nikawaambia: mimi ni mwanafunzi, sina shirika, sina orodha, na mama huyu hakupokea chochote.

Mkubwa wao akauliza, "Sasa we ulikuwa naandika nini?"

"Maisha yenu, mama."

"Maisha yetu? Ya bure?"

Macho yote yakamgeukia mama mwenyeji wangu. Aliinamia samaki wake. Ndipo akainuka mmoja mwenye sauti kubwa kuliko wote.

"Liste hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama."

"Na bale banakujaka kuangalia ku manyumba kama bwana iko, habatakuja?"

"Hawatakuja."

Akaanguka mchangani kwa kicheko mpaka kitenge kikamfunguka. Huyu ndiye aliyeniambia mumewe alizama ziwani, na nilitokwa na machozi mbele yake. Akatoa simu kwenye pindo, akapiga, akapaza sauti: "We! Rudi ku nyumba! Utalala Ubwari mpaka lini? Uko muzima, rudi!"

Pwani yote ikalipuka. Mmoja akasema mume wake amefichwa shambani, mwingine kwa shemeji. Wawili hawakucheka. Hao walikuwa wajane kweli, nami niliwaomba radhi mmoja mmoja, wakaitikia kwa kichwa. Jirani wa mama mwenyeji wangu akamkaripia kwamba ndagala zake zimekauka upande mmoja, ageuze upesi, kisha akaanza kumgeuzia yeye mwenyewe. Nikaliona bega la mama likishuka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti bila kuona haya.

Kesho yake boti ya Ubwari, ile rasi ng'ambo ya ghuba, ilifika, na mwanamume mrefu mwenye mfuko mgongoni akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Banasema ulinililia," akasema. "Aksanti sana."

Nikaanza kulia tena, na safari hii marehemu mwenyewe akanibembeleza.